Uzi: Kupima thamani ya hisa kabla ya kununua DSE, soko la hisa la Dar es Salaam (wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe tukutane hapa)

MizaniaYaUyole

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa gawio (fungu la faida wanalogawiwa wenye hisa) ukikaribia maswali ni yale yale: "Hisa gani inalipa? Ninunue ipi?" Naona tunaanzia mwisho. Kabla ya kuuliza hisa gani, uliza hela hiyo ukiikopesha serikali utalipwa ngapi. Hatifungani (bondi) ya serikali unaingia kwa kuanzia shilingi milioni 1, riba inaingia kila baada ya miezi sita, na hulali ukiwaza meneja wa kampuni kaamkaje. Hisa yoyote lazima ishinde hapo kwanza, la sivyo unabeba mzigo bure.

Tuseme bondi ya miaka 20 inalipa asilimia 13. Hisa ina mashaka zaidi: faida inaweza kuyeyuka, gawio lisitangazwe, na siku unayotaka kuuza mnunuzi asiwepo. Kwa mashaka hayo mimi naongeza asilimia 4, napata 17. Hiyo 4 si sheria. Kwa kampuni kubwa inayouzika kila siku unaweza kuweka 3, kwa kampuni ndogo weka 7 au achana nayo. Riba za bondi zikishuka kipimo nacho kinashuka, kwa hiyo angalia matokeo ya mnada wa karibuni kwenye tovuti ya Benki Kuu, usitumie namba ya mwaka juzi.

Sasa hesabu. Nachukua benki ya kufikirika, tuiite Benki X:

Hisa zilizopo: milioni 500
Faida baada ya kodi, mwaka jana: bilioni 60
Faida za miaka minne kabla ya hapo: bilioni 30, 42, 45, 38
Mtaji wa wanahisa kwenye mizania (mali ukitoa madeni): bilioni 300
Gawio: shilingi 40 kwa hisa
Bei sokoni: shilingi 720

Faida kwa hisa ni 60b gawanya kwa 500m, yaani shilingi 120. Bei ni mara 6 ya faida. Mtaji kwa hisa ni 600, kwa hiyo unalipa mara 1.2 ya mtaji. Benki imezalisha asilimia 20 juu ya mtaji wake. Hapo wengi wanasema "mara 6 tu, rahisi hii!" na wanabonyeza kununua.

Ngoja kwanza. Bilioni 60 ni mwaka wake bora kuliko yote. Wastani wa miaka mitano ni bilioni 43, sawa na shilingi 86 kwa hisa. Gawanya 86 kwa 0.17 unapata kama 506. Hiyo ndiyo thamani ikiwa benki haikui kabisa na inarudi kwenye wastani wake. Ukitumia ile 120 ya mwaka mzuri unapata kama 706. Bei ya 720 imepita hata hiyo, maana yake unalipia ukuaji ambao haujatokea.

Tuupe basi ukuaji. Anza na faida ya 120, ikue asilimia 8 kwa mwaka kwa miaka 5, theluthi moja igawiwe, na mwisho uuze kwa mara 6 ya faida. Rudisha kila shilingi kwenye thamani ya leo kwa ile 17, yaani igawanye kwa 1.17 kwa kila mwaka wa kuisubiri: unapata kama 640. Weka ukuaji wa 13 unapata kama 785. Kwa hiyo kwa 720 unahitaji karibu kila kitu kiende sawa. Mimi hapo nasema benki ni nzuri, bei si nzuri, nasubiri. Makisio yangu ya katikati ni kama 600, na nataka angalau robo pungufu ya hapo, yaani 450 kushuka chini. Hilo punguzo ndilo linalonilinda siku makisio yangu yakiwa mabovu, na kuna siku yatakuwa mabovu.

---

Kijana wa Mwanjelwa

Mkuu shukrani kwa uzi. Ila kwa hesabu hiyo si hutanunua milele? Halafu kuna hisa zipo 300, 400, kwa nini mtu ahangaike na za 5,000? Kwa laki tano unapata hisa nyingi zaidi.

---

MizaniaYaUyole

Mdogo wangu, wingi wa hisa mkononi hauna maana yoyote. Zidisha bei kwa idadi ya hisa zote za kampuni, ndipo ujue soko linaiuza kampuni nzima shilingi ngapi. Kampuni ya hisa bilioni 2 kwa bei ya 300 inauzwa bilioni 600. Kampuni ya hisa milioni 20 kwa bei ya 5,000 inauzwa bilioni 100. Ipi ghali hujui mpaka uone faida na mtaji wa kila moja.

Kuhusu kutonunua milele, hapana. DSE ina kipindi cha usingizi na kipindi cha pupa. Mfano ulio kwenye kumbukumbu za wazi ni CRDB. Hisa zake ni bilioni 2.6 na ushei. Mwaka 2019 bei ilishuka chini ya shilingi 100. Kwa 95, soko lilikuwa linaiuza benki nzima kama bilioni 248, chini ya nusu ya mtaji wake wa vitabuni. Kwa nini? Mikopo chechefu (ile isiyolipwa kwa wakati) ilikuwa imekula faida, mwaka 2017 ilipata takribani bilioni 36 tu. Lakini 2018 ikapanda hadi takribani 64, na 2019 takribani 120. Gawio la mwaka 2019 lilikuwa shilingi 17 kwa hisa. Gawanya 17 kwa 95, karibu asilimia 18 kwa gawio peke yake! Baada ya hapo gawio likaenda 22, 36, 45, 50, na la mwaka 2024 likawa 65.

Hakukuwa na siri. Taarifa za robo mwaka zilikuwa zinabandikwa magazetini kila mtu akiziona. Kilichokosekana ni watu wa kuzisoma wakati bei imechoka. Na tusidanganyane, aliyenunua kwa 95 aliweza kukaa muda akiona namba nyekundu kabla haijageuka.

---

Mhasibu_Mafinga

Mkuu wa Uyole umeanza vizuri, ila umepita haraka kwenye kitu kimoja: faida ya benki ndiyo namba rahisi kuliko zote kupambwa. Naongezea upande wa vitabu.

Chukua taarifa ya robo mwaka ya benki, ipo kwenye tovuti yake. Usianze na faida. Tafuta kwanza mstari wa tengo la hasara ya mikopo, yaani hela inayowekwa pembeni kufidia mikopo inayoweza kutolipwa. Benki inaweza kupandisha faida kwa kupunguza tengo tu, bila kukopesha wala kukusanya zaidi. Rudisha tengo juu ya faida, yaani angalia faida kabla ya tengo na kabla ya kodi, kwa miaka mitano. Kama mstari huo umelala na faida ya mwisho inapaa, ukuaji huo ni wa kalamu.

Pili, uwiano wa mikopo chechefu. Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5. Namba yenyewe haitoshi, kwa sababu mikopo ikikua haraka uwiano unashuka wenyewe: mikopo mipya haijapata muda wa kuharibika. Benki iliyokuza mikopo asilimia 40 kwa mwaka ikajisifu kwamba chechefu imeshuka, subiri miezi 18 ndipo uiamini.

Tatu, gharama kwa mapato. Zaidi ya 55 kwa 100 ujue benki inajifanyia kazi yenyewe na wafanyakazi wake, mwenye hisa anabaki na makombo. Nne, mtaji: mtaji wa msingi usipungue asilimia 12.5 ya mali zake (hasa mikopo) zilizopimwa kwa hatari, na mtaji jumla 14.5. Benki iliyo juu kidogo tu ya hapo itakuja kuomba hela kwa wanahisa, au haitatoa gawio. Hapo ndipo wenye hisa za benki ndogo huumia: unaona bei ni nusu ya mtaji, unanunua, mwaka unaofuata wanatoa hisa mpya kwa bei ya chini, na fungu lako linapungua usipoongeza hela.

Kwa viwanda angalia wadaiwa, yaani wateja waliochukua mzigo na hawajalipa. Mauzo yamekua asilimia 10, wadaiwa wamekua asilimia 45: mzigo umesukumwa kwa mawakala, hela haijaingia. Linganisha faida na fedha halisi iliyoingia kutokana na shughuli za kampuni, ipo kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Miaka mitatu mfululizo faida ipo na fedha haipo, funga kabrasha.

Halafu kuna jambo watu hawalitazami kabisa. Kampuni nyingi kubwa za DSE zina mama yao nje ya nchi. Twiga ya saruji ni ya Heidelberg, TBL ya bia ni ya AB InBev, Vodacom ina Vodacom Group. Si kosa. Ila nenda kwenye maelezo ya miamala na wahusika wenye uhusiano, uone ada za usimamizi, za utaalamu na za kutumia jina zinazolipwa kwa mama. Weka kama asilimia ya mauzo, miaka mitano. Ikipanda kila mwaka, mwanahisa mkubwa anakula kwanza jikoni na wewe unasubiri mezani.

---

MamaParachichi_Njombe

Asanteni sana kaka zangu. Naomba kuuliza kwa lugha ya shamba. Nina milioni 3 za mauzo ya parachichi. Dalali mmoja kwa simu kasema niweke zote kwenye hisa moja kabla daftari halijafungwa ili nipate gawio la mwaka huu. Nifanyeje? Na huku Njombe nafunguaje akaunti?

---

Kihesa_Juu

Mama, naomba nianze na hilo la daftari, yaani siku kampuni inapofunga orodha ya majina ya watakaolipwa gawio.

Gawio si zawadi ya wiki ile. Kampuni ikitoa shilingi 40, imebaki na shilingi 40 pungufu, na bei kwa kawaida inashuka baada ya daftari kufungwa. Piga hesabu na hisa ya 720: unanunua za milioni 3, unapata hisa kama 4,080 baada ya kutoa gharama. Ada za dalali, soko, mamlaka na hifadhi kwa muamala mdogo ni karibu asilimia 2 wakati wa kununua na karibu 2 tena wakati wa kuuza. Gawio linakatwa kodi ya zuio asilimia 5, kwa hiyo 40 inakuwa 38, unapokea kama laki moja na hamsini na tano. Ada za kuingia na kutoka ni kama laki moja na ishirini. Kilichobaki kinakuwa chini ya elfu arobaini, na bei ishuke shilingi 10 tu, kimeisha. Dalali yeye kashalipwa mara mbili.

Pia muamala unakamilika siku 3 za kazi baada ya kununua. Ukinunua siku mbili kabla ya daftari kufungwa, jina lako halimo.

La pili, hiyo milioni 3 ni ya nini? Kama ndani yake kuna ya mbolea na ya vibarua wa Novemba na Desemba, hiyo itoe kabisa. Gawio la benki nyingi linakuja baada ya mikutano mikuu, Mei hadi Julai, wakati huku bado tuna mavuno na hela ipo. Shamba linapodai hela mwezi wa kumi na moja, hisa ndiyo kwanza imelala, na utauza kwa bei ya aliye na haraka. Ya ada ya shule ya Januari nayo vilevile.

Akaunti: unahitaji akaunti ya CDS, ndiyo inayohifadhi hisa zako kielektroniki. Unafungua kupitia dalali aliyesajiliwa au kwa simu kupitia Hisa Kiganjani ya DSE. Andaa kitambulisho cha NIDA, picha na namba ya akaunti ya benki. Hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi kwenye NIDA, CDS na benki. "Tumaini" huku na "Tumain" kule, gawio linakwama na utazungushwa kwa msajili wa hisa. Ukibadili namba ya simu au benki, badilisha na kule pia. Na kabla ya kumtumia mtu hela angalia orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji. Hela iende kwenye akaunti ya kampuni ya udalali, kamwe isiende kwenye namba ya simu ya mtu.

---

MamaParachichi_Njombe

Nimeelewa kaka. Basi nabakiza milioni 1.8, nyingine ya shamba. Nigawanye vipi?

---

MizaniaYaUyole

Mama, kwa 1.8 usizidishe kampuni tatu, tena usinunue kwa siku moja. Zikiwa nyingi kuliko hapo hutaweza kusoma vitabu vyake, na kampuni usiyoisoma ni kamari tu. Kama kwa sasa hakuna iliyo chini ya bei yako, milioni 1 iingie bondi, iliyobaki isubiri kwenye mfuko wa pamoja unaoruhusu kutoa hela haraka. UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya pamoja, wanayo ya aina hiyo. Kusubiri huku unalipwa hakuna aibu.

Na ukiagiza, agiza kwa bei ya kikomo. Mwambie dalali "hisa 1,000, isizidi 450, oda ikae siku 30." Ukisema "ninunulie tu kwa bei ya soko" kwenye hisa isiyo na wauzaji wengi, utajazwa kwa bei ya yeyote aliyekuwepo.

---

Kijana wa Mwanjelwa

Vipi kuhusu toleo la awali, kampuni inapouza hisa kwa umma mara ya kwanza? Si ndiyo unapata hisa kabla hazijapanda?

---

Mhasibu_Mafinga

Kwenye toleo la awali muuzaji ndiye anayechagua siku na bei, na anaijua kampuni kuliko wewe. Wakati mwingine bei inakuwa nzuri: NMB 2008 kwa 600 na CRDB 2009 kwa 150. Wakati mwingine sivyo. Vodacom mwaka 2017 iliuza hisa milioni 560, robo ya kampuni, kwa 850, kwa sababu sheria ilitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 kwa umma. Watu walikopa kununua! Bei ikakaa chini ya 850 kwa miaka, na mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni ikaandika hasara. Kampuni ilikuwa halali na kubwa, wateja mamilioni. Tatizo lilikuwa 850. Waraka wa matarajio, ule unaotolewa kwa wanunuzi kabla ya toleo, una hesabu za miaka ya nyuma. Ipitishe kampuni hiyo kwenye hesabu ya Mkuu wa Uyole kama hisa nyingine yoyote.

---

Kihesa_Juu

Kuna kitu hakijaguswa, na kwa soko letu naona ni kikubwa kuliko hata hesabu ya thamani: mlango wa kutokea.

Fungua taarifa ya soko ya kila siku ya DSE, andika idadi ya hisa zilizouzwa za kampuni unayoitaka kwa wiki 12. Tuseme wastani ni hisa 2,000 kwa wiki, bei 400. Hiyo ni laki nane kwa wiki, soko zima. Wewe una hisa 25,000, yaani milioni 10. Ukiuza robo ya kinachouzwa ili usiangushe bei, ni hisa 500 kwa wiki. Wiki 50. Mwaka mzima unatoka kwenye hisa moja, na hapo hakuna mwingine anayetaka kutoka.

Hisa za dirisha la EGM (la kampuni ndogo na changa), ikiwemo MUCOBA ya hapo Mafinga, huwa zinakaa muda bila muamala. Sisemi ni mbaya, benki ya nyumbani watu wanaipenda. Nasema bei unayoiona kwenye skrini inaweza kuwa ya muamala wa zamani wa hisa 50. Angalia maombi ya kununua na ofa za kuuza. Kama ofa zimejipanga hisa 80,000 na wanunuzi ni sifuri, bei ile ni pambo. Kanuni yangu: kiasi changu kisizidi kinachoweza kuuzika ndani ya wiki 8. Kikizidi, nataka punguzo la nusu ya thamani, si robo.

Halafu jihadharini na gawio kubwa linalovutia. Swissport, kampuni ya kuhudumia ndege na mizigo uwanja wa ndege, miaka ya nyuma ilikuwa kipenzi cha wapenda gawio, ilikuwa inagawa sehemu kubwa ya faida. Ukaja ushindani pale uwanjani, kisha 2020 corona ikasimamisha ndege. Aliyepima kwa gawio la jana tu aliona asilimia tamu mpaka siku lilipokoma. Mapato ya kampuni yakitegemea kibali au mteja mmoja, tumia faida ya mwaka mbaya kwenye hesabu, si wastani.

---

Kijana wa Mwanjelwa

Sawa wakuu. Na kuuza? Nauza lini?

---

MizaniaYaUyole

Mimi nina sababu tatu. Bei imepita thamani niliyoiandika hata baada ya kuupa ukuaji wa matumaini. Au sababu iliyonifanya ninunue imekufa: chechefu inapanda robo tatu mfululizo, mtaji unakaribia sakafu, mkaguzi ametoa maoni yenye shaka. Au nimepata kitu kilicho nafuu zaidi kiasi cha kufidia ile asilimia 4 ya ada za kutoka na kuingia, na hiyo hutokea mara chache kuliko watu wanavyodhani. Bei kushuka peke yake haimo.

Ndiyo maana siku ya kununua andika kwenye daftari: tarehe, bei, thamani uliyokisia, namba ulizotumia, na kitu gani kikitokea utauza. Nusu ukurasa unatosha. Bila hiyo, bei ikishuka utabuni sababu ya kubaki, ikipanda utabuni sababu ya kukimbia.

---

Mhasibu_Mafinga

Na kwa anayesema heri miti ya hapa Mufindi: ipime kwa kipimo hicho hicho. Weka bei ya shamba, miche, palizi za miaka ya mwanzo, barabara za kuzuia moto na mlinzi, halafu makisio ya bei ya kuuza mwaka wa 15 na kuendelea, rudisha yote leo kwa 17. Shilingi milioni 1 ya mwaka wa 15 leo ni kama elfu 95 tu. Kuna mashamba yanapita hapo na kuna yasiyopita. Mwenye hesabu za shamba lake azilete tuzipige hapa.